Safari Moja ya Mwisho: Dhoruba za Novemba kwenye Maziwa Makuu ya Marekani

ZUHURA: Haya, karibuni tena. Mimi ni Zuhura, nipo Dar es Salaam, feni linazunguka na jasho linanitoka vilevile. Mwenzangu yupo huko kwenye friji. Mtani, hujambo?

MASALU: Sijambo, mtani wangu Mzaramo. Nipo Duluth, Minnesota. Dirisha langu linatazama Ziwa Superior. Leo limetulia kama maji ya mtungini.

ZUHURA: Uliniandikia kwamba leo tunaongelea vuli. Nikafurahi, nikajua mvua, maembe, kunguru wamelowa. Kumbe mwenzangu una yako.

MASALU: Hapo ndipo lugha inatuchezea. Waswahili wa huku kipindi hiki cha majani kupukutika tunakiita vuli, maana hatuna neno jingine la mkato. Sasa nikimpigia mama Ukerewe nikamwambia "vuli ya mwaka huu mbaya", anauliza mahindi yameungua? Namwambia mama, hakuna mahindi, kuna upepo unaong'oa mabati.

ZUHURA: Sisi Kunduchi Novemba ni tangambili. Kusi limechoka, kaskazi halijashika. Babu yangu alikuwa mvuvi, alikuwa akisema huo ndio wakati wa kutia dau rangi.

MASALU: Ndiyo tofauti yenyewe. Huku Novemba ndiyo mwezi unaoua. Mabaharia wa maziwa haya wana msemo, wanamtaja "mchawi wa Novemba", kana kwamba ni mtu anayekuja na kuondoka.

ZUHURA: Ngoja, kabla ya mchawi. Ziwa ni ziwa. Wewe umezaliwa kisiwani, Ziwa Victoria unalijua. Hilo lina nini cha ajabu?

MASALU: Na mimi nilikuja na kiburi hichohicho. Victoria lina kilomita za mraba kama 69,000. Superior 82,000. Kwa ukubwa wa eneo, ndilo la kwanza duniani kati ya maziwa ya maji baridi, letu la pili. Lakini kina! Victoria ukienda chini kabisa ni mita 80 hivi. Superior ni mita 406. Maji mengi kiasi hicho yanachelewa kupata joto na yanachelewa kulitoa. Kwa hiyo Novemba, nchi kavu imeshaanza kuganda, ziwa bado lina joto la Agosti tumboni. Ni kama sufuria uliyoiepua, jiko limezimwa lakini mvuke bado unatoka.

ZUHURA: Halafu?

MASALU: Halafu hewa ya baridi inashuka kutoka Kanada, nyingine yenye unyevu inapanda kutoka Ghuba ya Meksiko, zinakutana hapa katikati. Mgandamizo wa hewa unaporomoka, upepo unaanza kuzunguka, na ule mvuke wa ziwa unautilia kuni. Dhoruba ambayo ingepita tu, ikifika juu ya maji inanona.

ZUHURA: Sawa. Nieleze sasa hao watu. Umesema Duluth kuna kisa.

MASALU: Kipo hapa chini, dakika kumi kwa miguu. Kuna mfereji wa kuingilia bandarini, kuta mbili za zege zimeingia ziwani, meli inapita katikati. Novemba 28 mwaka 1905 meli ya chuma iitwayo Mataafa, jina la chifu wa Samoa, ilikuwa imetoka jana yake na shehena ya madini ya chuma huku ikivuta tishari. Dhoruba ikaikamata ziwani, nahodha akageuza arudi. Alipofika mbele ya mfereji aliona tishari itamponza, akaikata, akaiacha itie nanga nje. Akajaribu kuingia peke yake.

ZUHURA: Na mawimbi yale.

MASALU: Wimbi liliinua tezi, yaani nyuma ya meli, omo, yaani mbele, ikachimba chini, meli ikajipigiza kwenye ukuta, ikageuka, ikakaa kwenye mchanga na kukatika. Karibu na ufukwe, mtani. Karibu kiasi kwamba watu waliwaona waliomo. Mji mzima ulishuka, inasemekana watu 10,000, wakawasha mioto ufukweni usiku kucha ili wale waliomo ndani wajue hawajaachwa.

ZUHURA: Elfu kumi wanatazama na hakuna wa kufanya kitu?

MASALU: Kikosi cha uokoaji kilikuwa mbali kidogo kwenye fukwe hiyohiyo, kinahangaika na meli nyingine iliyopanda mchanga. Kiliporudi, bahari ilikuwa imechafuka mno, mashua haishuki. Mabaharia walikuwa 24. Waliokuwa mbele walipata pa kujibanza wakawasha moto, 15 wakaokolewa asubuhi. Tisa walikuwa nyuma, sehemu ya injini. Walikufa kwa baridi. Miili mingine ilibidi kuichimbua kwenye barafu kwa mashoka.

ZUHURA: Astaghfirullah.

MASALU: Dhoruba ile moja iliharibu au kuzamisha meli kama 29. Wenye meli wakapiga kelele serikalini, ndipo ukajengwa mnara wa taa wa Split Rock juu ya jabali, ukawashwa mwaka 1910. Ukija nitakupeleka, ni mwendo wa saa moja kwa gari.

ZUHURA: Mimi naulizia jambo la kijinga. Kama Novemba wanaijua, kwa nini wanatoka? Mvuvi wa Kunduchi akiona wingu la ajabu anavuta dau juu, anakunywa kahawa.

MASALU: Siyo la kijinga, ndilo swali lenyewe. Maziwa haya yanaganda. Ikifika katikati ya majira ya baridi meli hazipiti. Hata leo malango ya Sault Ste. Marie, yale yanayoshusha meli kutoka Superior kwenda Huron, yanafungwa Januari 15 hadi Machi 25. Viwanda vya chuma vya kusini vinataka madini ya kutosha kukaa miezi hiyo yote. Miji ya kaskazini inataka makaa ya mawe ya kuota. Kwa hiyo Novemba kila mwenye meli anapiga hesabu: safari moja zaidi inawezekana. Moja tu ya mwisho.

ZUHURA: Kama daladala usiku. "Twende, moja ya mwisho nikalale."

MASALU: Hiyo hiyo. Na ukimwambia dereva breki hazishiki vizuri anakwambia moja tu.

ZUHURA: Basi mchawi ni ratiba, mtani. Wasimsingizie bibi wa watu.

MASALU: [anacheka] Sasa nikupeleke 1913, kwa sababu hapo ndipo ratiba ilipoua kuliko mwaka wowote. Novemba 7 hadi 10. Huku wanaiita "kimbunga cheupe", maana ilikuwa na upepo wa kimbunga na theluji pamoja. Watu zaidi ya 250 walikufa, meli 12 zilizama, nyingine nyingi zikatupwa nchi kavu. Nane kati ya hizo 12 zilipotelea Ziwa Huron, karibu zote ndani ya siku moja, Jumapili ya tarehe 9.

ZUHURA: Hawakupewa tahadhari?

MASALU: Walipewa! Ofisi ya hali ya hewa ilituma simu za maandishi tangu Ijumaa, bendera zikapandishwa bandarini, usiku zikawekwa taa nyekundu na nyeupe. Lakini sikiliza ujanja wake. Dhoruba ya kwanza ilipiga Superior, ikapita. Jumapili asubuhi upepo ukalegea. Manahodha wa Huron walitazama juu, wakaona kumetulia, wakasema imekwisha. Wakatoka. Kumbe mfumo mwingine ulikuwa unapanda kutoka kusini na ule wa kwanza haujaondoka. Viwili vikashikana juu ya ziwa. Meli nyingi za maziwa wakati ule hazikuwa na redio, kwa hiyo ukishatoka umetoka. Upepo ulifika kilomita 145 kwa saa, mawimbi mita 11, na yalikuwa yanakuja upande huu huku upepo unapiga upande ule.

ZUHURA: Hilo babu angelielewa. Wimbi na upepo visipokubaliana, hakuna usukani.

MASALU: Kuna meli moja, Henry B. Smith, ilikuwa Marquette, Superior hukuhuku, inapakia madini. Imechelewa. Jumapili jioni palipotulia kidogo ikang'oa nanga. Watu waliokuwa gatini waliona mabaharia bado wanafunga milango ya falka, ile ya juu ya shehena, nayo ilikuwa zaidi ya 30, huku meli inaondoka. Hawakumaliza. Meli haikuonekana tena mpaka 2013, watafutaji walipoikuta chini ya ziwa. Miaka mia moja kamili.

ZUHURA: Mtu anafunga mlango huku gari linakwenda...

MASALU: Na nyingine, Charles S. Price. Baada ya dhoruba watu wa Port Huron waliona kitu cheusi kinaelea. Meli imepinduka, tumbo juu, jina liko chini ya maji. Siku nzima na nyingine, magazeti yanakisia ni ipi. Tarehe 15 mzamiaji akashuka akasoma herufi kwa mkono. Sasa kilichowatatiza watu ni hiki. Kulikuwa na fundi msaidizi wa injini aliyeacha kazi kwenye Price muda mfupi kabla ya safari. Akaitwa kutambua miili. Akamwona mhandisi mkuu, akasema huyu ni wetu. Aliyekuwa anaandika akamuuliza: mbona amevaa jaketi la kujiokolea la meli nyingine, Regina?

ZUHURA: Aaa! Zilipambana? Au walikuwa wanaokoana?

MASALU: Watu wamegombana juu ya hilo miaka yote. Zilikuwa zinakwenda njia moja. Mimi naona jibu jepesi, kwamba miili na majaketi vilitupwa ufukwe mmoja na mtu akamvisha maiti. Lakini sitaapa.

ZUHURA: Mimi nabaki na la kuokoana. Nipe la kufurahisha basi, umenijaza maiti.

MASALU: Lipo, ingawa nalo limeanzia kwenye maiti. Mzee mmoja wa Ontario alikwenda Goderich, miili ilikopangwa. Akamtambua mwanawe. Nywele zake, kovu, na chale mkononi zenye herufi za jina lake. Akanunua jeneza, akamsafirisha nyumbani. Kijana yuko Toronto, anafungua gazeti, anasoma amekufa. Hakutuma hata neno. Akapanda treni, akaingia nyumbani kwao, msiba umekaa.

ZUHURA: Wewe! Mimi ningekimbia kwanza, mengine baadaye.

MASALU: Baba yake inasemekana alimfokea sana. Na yule maiti wa watu akarudishwa akazikwa bila jina.

ZUHURA: Ila usidhani dhoruba za namna hiyo ni za wazungu tu. Nimefanya kazi yangu ya nyumbani. Umesema mwisho wa vuli, sivyo? Kusini mwa ikweta vuli hiyo ya majani inaangukia Machi hadi Mei.

MASALU: Enhe, endelea.

ZUHURA: Aprili 15, 1872. Kimbunga kilipiga Unguja. Kilizamisha merikebu za Sultani, Sayyid Barghash. Mikarafuu ya Unguja ikang'oka karibu yote. Pemba ikapona kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu ikawa ni Pemba. Watu wanakwenda Wete wanadhani karafuu iliumbwa pale. Hapana, upepo uliipeleka.

MASALU: Hilo sikulijua hata kidogo.

ZUHURA: Na ndipo Sultani akaagiza meli Uingereza kuziba pengo, ikaitwa Glasgow. Ndiyo ile ile Waingereza waliizamisha mwaka 1896, kwenye ile vita ya chini ya saa moja. Halafu tazama tarehe: Aprili 15 tena, mwaka 1952, kimbunga kikapiga Lindi. Na Mei 4, 2024, Hidaya ikafika Mafia. Kwetu ni nadra kwa sababu karibu na ikweta dunia haiupi upepo ule msokoto wa kutosha. Nadra siyo kamwe. Haya, rudi kwenye barafu yako.

MASALU: Nitarudi kwenye joto, maana hiki ninachokisema sasa kilianza na jua. Novemba 11, 1940. Ilikuwa sikukuu, kumbukumbu ya kumalizika kwa Vita Kuu ya kwanza. Asubuhi Minnesota nyuzi 15 za selsiasi hivi, kwingine zaidi. Novemba! Watu wamevaa mashati. Wawindaji wa bata wakaingia mabondeni mwa mto Mississippi kwa maboti madogo, wakakaa visiwani.

ZUHURA: Bila makoti.

MASALU: Bila makoti ya maana. Mchana bata wakaanza kushuka, makundi kwa makundi, chini chini, kama hawaoni watu. Waliosimulia baadaye walisema hawajawahi kuona uwindaji mtamu kama ule. Bata walikuwa wanakimbia. Walikuwa wanajua. Watu wakaona ni riziki, wakaendelea kupiga.

ZUHURA: Hapo nywele zimenisimama.

MASALU: Upepo ukageuka kaskazini-magharibi, mvua ikawa barafu, barafu ikawa theluji, mawimbi ya mtoni yakapindua maboti. Usiku joto lilikuwa limeshaporomoka chini kabisa ya sifuri. Collegeville, hapa Minnesota, walipima theluji ya sentimita 67. Minnesota peke yake walikufa watu 49, karibu nusu yao wawindaji. Wengine walikutwa wamesimama majini, wameshika miti. Ukijumlisha majimbo yote ni karibu 150, pamoja na mabaharia zaidi ya 60 wa Ziwa Michigan.

ZUHURA: Waliopona walifanyaje?

MASALU: Kulala chini ya boti, kukumbatiana na mbwa, kurukaruka usiku kucha. Kesho yake rubani wa Winona, Max Conrad, alirusha kindege chake kidogo kwenye upepo uleule, akawa anawaona watu visiwani, anawadondoshea chakula na sigara, kisha anaruka juu ya maboti ya waokoaji kuwaonyesha njia.

ZUHURA: Na ofisi ya utabiri?

MASALU: Utabiri wa eneo hili ulikuwa unatolewa Chicago, na usiku ofisini hapakuwa na mtu. Baada ya vifo vile wakaanza kukesha saa 24, na Minnesota ikapata watabiri wake.

ZUHURA: Sasa wasikilizaji wanajua kuna meli hujaitaja. Hata mimi nisiyejua barafu naijua.

MASALU: Edmund Fitzgerald. Nimeichelewesha makusudi, kila mtu anaanza nayo na wengine wote wanasahaulika. Nitakwenda haraka. Meli ya mita 222, viwanja viwili vya mpira. Novemba 9, 1975 mchana ilitoka mji wa Superior, Wisconsin, ng'ambo ya bandari yetu, na tani zaidi ya 26,000 za vidonge vya madini ya chuma. Nahodha Ernest McSorley, miaka 63, zaidi ya 40 majini. Tahadhari ilitolewa, akapita njia ya kaskazini kujikinga na upepo. Tarehe 10 alasiri akamwarifu mwenzake aliyekuwa nyuma, meli Arthur M. Anderson, kwamba meli imeinama upande, pampu zinafanya kazi. Baadaye rada zote mbili zikafa. Anderson ikawa macho yake. Saa moja na dakika kumi jioni wakamuuliza unaendeleaje na matatizo yako, akajibu, bado tunajimudu.

ZUHURA: Na ndiyo ikawa hivyo.

MASALU: Ikapotea kwenye rada. Hakuna mwito wa msaada, hakuna mwili uliopatikana. Watu 29. Kikosi cha walinzi wa pwani kilisema milango ya falka haikuziba vizuri, wenye meli wakasema hapana, iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Caribou. Mimi ninayemfikiria zaidi ni nahodha wa Anderson, Bernie Cooper. Alikuwa ameshaingia ghubani, amepona. Walinzi wa pwani wakamwomba atoke tena akatafute. Anajua nje kuna nini. Akageuza meli akarudi kulekule.

ZUHURA: Akapata?

MASALU: Maboti mawili ya kuokolea, yamepasuka. Tangu siku hiyo hakuna meli kubwa ya mizigo iliyozama kwenye maziwa haya. Siku hizi ukitazama ramani Novemba utaziona zimejificha nyuma ya visiwa, zimetia nanga, zinangoja. Siku mbili, tatu. Wahasibu wananuna lakini zinangoja.

ZUHURA: Wewe umeshawahi kwenda hapo Split Rock tarehe kumi?

MASALU: Mara moja. Kila Novemba 10 wanasoma majina 29, kengele inapigwa kila jina, halafu wanapiga mara ya 30 kwa wote waliopotea maziwani. Kisha wanauwasha mnara. Nilisimama pale na mzee mmoja, hatukuongea. Baridi ilikuwa inapenya mpaka kwenye meno.

ZUHURA: Na leo huko vipi? Umesema ziwa limetulia.

MASALU: Jua linawaka, mtani. Nyuzi 14. Jirani yangu anakata majani na fulana.

ZUHURA: Novemba?

MASALU: Novemba.

ZUHURA: Na wewe unatoka baada ya hapa?

MASALU: Naenda dukani mara moja tu. Koti liko garini, usinitazame hivyo.